Gramu Mia Moja na Arobaini

Fundi Nshan alikuwa mchonga mawe, na hakuwahi kumsifu mtu mbele ya uso wake. Aliamini sifa humharibu kijana kama maji yanavyoharibu jiwe lenye ufa: yanaingia kimya kimya, yanaganda, na baridi inapoisha jiwe linapasuka lenyewe. Kwa hiyo Gegham Torosyan aliishi miaka kumi na saba chini ya mkono wake bila kusikia neno "vizuri". Alichosikia ni "tena".

Ukumbi wao wa ngumi ulikuwa karakana ya kiwanda cha soksi kilichofungwa, pale mjini Gyumri, kando ya reli. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi paa liliinama upande mmoja na hakuna aliyelitaka jengo lile, ndipo Nshan akalichukua, akasimamisha ukuta upya kwa mawe aliyoyachonga mwenyewe. Katikati ya sakafu alipachika mawe mawili, moja jeusi na moja jekundu, umbali wa hatua moja na nusu. Kijana mgeni alisimama hapo mwezi mzima, mguu wa kushoto juu ya jeusi, wa kulia juu ya jekundu, kabla hajaguswa na glovu. Wengi hawakumaliza wiki.

Gegham aliletwa na mama yake, Arusyak, mshona nguo, akiwa na miaka kumi.

"Anapigana shuleni," mama akasema. "Nimechoka kuitwa na mwalimu."

"Anashinda?"

"Siku nyingine."

"Basi hajui kupigana. Mnunulie soksi nzito, sakafu ina baridi."

Mtoto akasimama juu ya mawe siku thelathini na moja. Siku ya thelathini na mbili Nshan akamuuliza, "Hukuchoka?"

"Nilichoka siku ya pili."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Fundi."

Usiku ule Nshan alimwambia mkewe kwamba amepata mtu. Kwa mtoto hakusema kitu.

Ujanani, enzi za Muungano wa Kisovieti, Nshan mwenyewe alikuwa bingwa wa jamhuri mara mbili. Ngumi za kulipwa hazikuwapo; zilihesabiwa kuwa uchafu wa mabepari. Alipofikisha miaka thelathini akapewa saa ya mkononi na cheti, akarudi kwenye machimbo ya mawe. Hakulalamika. Ila alipowaona vijana wa sasa wakienda kupigana kifua wazi mbele ya taa na kamera, kitu fulani ndani yake kilisogea, naye hakukipa jina.

Aliwafundisha vijana zaidi ya ngumi, na wazazi wengine hawakupenda. Gegham alipokuwa na miaka kumi na miwili, jirani mmoja alichinja kondoo wa nadhiri kwa sababu mwanawe alirudi mzima kutoka jeshini. Nyama ya nadhiri huchemshwa kwa chumvi iliyobarikiwa na kasisi, bila kitunguu wala pilipili, na hugawiwa nyumba saba siku hiyo hiyo; hailazwi. Gegham alionja kipande, akakitema kwenye theluji. Nshan alimwona. Akamshika sikio, akampeleka hadi mlangoni kwa yule jirani, akamwamuru aombe kipande kingine.

"Anayeikataa sadaka ya nadhiri," alimwambia njiani, "anamwambia mwenye nadhiri kuwa Mungu hakumsikia. Wewe ni nani wa kusema hivyo?"

Mtoto akala, akiwa na machozi. Hakutema tena.

Akakua mwembamba, mrefu wa mikono, mkimya. Mkono wake wa kushoto ulitoka bila kutangulizwa na bega wala jicho. Wapinzani walikuwa wakipigwa kisha wanatazama huku na huku, kama mtu aliyeitwa jina sokoni.

Akiwa na miaka kumi na tisa alifika fainali ya taifa, kule Yerevan, mji mkuu. Siku hiyo alikuwa na homa, na kijana wa Vanadzor aitwaye Artak alimzidi raundi zote tatu. Kila aliyekuwa na macho aliona. Lakini waamuzi, kwa sababu walizozijua wao, waliuinua mkono wa Gegham. Akapewa medali ya dhahabu, wakaingia kwenye gari la Nshan, wakaanza safari ya kurudi. Wakaendesha saa nzima. Karibu na Talin, penye upepo ule usiokoma, Gegham akasema, "Fundi, nilishindwa, siyo?"

"Ulishindwa."

"Tufanye nini?"

"Wa kuamua ni wewe, si mimi. Medali iko shingoni mwako."

Walirudi Yerevan. Artak alikuwa bado kwenye chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, akikunja bandeji zake. Gegham akamwekea medali juu ya benchi.

"Wewe umerogwa?" Artak akamuuliza.

"Nina homa tu. Mwakani nitakuja kuichukua."

Mwaka uliofuata alikuja akaichukua, safari hii kwa raundi tatu zisizo na ubishi, na Artak akawa wa kwanza kumkumbatia. Nshan aliyaona yote mawili, akaondoka kwenda nje kuvuta sigara.

Ikafuata medali ya shaba ya Ulaya. Kisha mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika, mwaka mzima ukapotea, na nafasi ya Olimpiki ikapita pamoja nao. Akiwa na miaka ishirini na nne, kampuni moja ya Ujerumani ikamwita katika ngumi za kulipwa. Gegham aliweka sharti moja: konani kwake atasimama Nshan.

"Mzee huyo hajui ngumi za kulipwa," walimwambia.

"Hata mimi sijui," akajibu. "Tutajifunza pamoja."

Na kweli mzee alijifunza, akiwa na miaka sitini na tano. Alijifunza kwamba raundi tatu ni mbio, raundi kumi na mbili ni safari ya mlima. Alijifunza kuziba jicho lililochanika kwa sekunde hamsini. Alijifunza kwamba glovu ndogo hazisamehe, na kwamba watazamaji waliolipa hawana huruma. Gegham alipigana kwenye kumbi za Ujerumani, Polandi na Latvia, nyingine zikinuka bia. Akashinda mara kumi na nne, sare moja, akapoteza moja. Alipopoteza alimpigia mama yake simu, akamwambia, "Nimepigwa vizuri sana leo, usitazame."

Kisha ikaja habari ambayo Gyumri iliiongelea kuanzia kinyozi hadi makaburini. Vadim Kulesh wa Belarus, mwenye mkanda wa ubingwa wa bara la Ulaya wa uzito wa kilo sitini na moja na gramu mia mbili, alikubali kuja kuutetea dhidi ya Gegham, hapo hapo Gyumri, mwezi wa Novemba.

Hapo ndipo Nshan alipokosea. Hakukosea kwa uovu. Alikosea kwa furaha, na furaha ya mtu asiyeizoea ni kitu cha kuogopwa. Aliingia kanisani, akaweka nadhiri: siku Gegham atakapokanyaga Gyumri kupigania mkanda, atachinja kondoo. Gegham alifika Jumatano jioni. Jumatano na Ijumaa watu hufunga nyama, na Ijumaa ndiyo siku ya kupima uzito. Ikabaki Alhamisi. Mkewe alimwambia asubiri pambano lipite.

"Nadhiri iliyofika hailali," Nshan akasema. "Tena nyama inaenda nyumba saba, haimhusu kijana. Yeye atakuwa amelala."

Alisahau kwamba nyumba saba zina wanawake.

Alhamisi mchana Gegham alitoka kukimbia taratibu, midomo imekauka, akiwa hajanywa maji tangu jana yake. Ndivyo mabondia wanavyoshuka uzito siku ya mwisho. Kwenye mlango wa kwanza akasimamishwa.

"Kondoo kachinjwa kwa ajili yako, na wewe upite tu? Ingia, roho yangu. Kipande kimoja."

Akala kipande kimoja. Mlango wa pili wakasema, kwa akina fulani umekula, sisi tumekukosea nini? Mlango wa tano ulikuwa wa Bibi Satenik, ambaye mwanawe alifukiwa na tetemeko, na ambaye kila sadaka huweka sahani mbili mezani. Akamketisha mbele ya sahani ile ya pili.

"Maumivu yako yanijie mimi," akamwambia. "Kula."

Nani angemwachia sahani ile ikiwa imejaa? Gegham alikula yote. Nyama ile ya chumvi ikaamsha kiu, kiu ikaomba maji, naye baada ya siku nzima ya ukavu akanywa. Mwili uliokaushwa ukiona chumvi na maji hushika kila tone. Hakumwambia Nshan. Alivaa makoti mawili akakimbia hadi giza, akiamini yatatoka.

Ijumaa asubuhi alipanda juu ya mzani katika ukumbi wa manispaa. Msimamizi wa mzani alikuwa Zhorzhik, rafiki wa Nshan tangu ujanani, mtu mnene mwenye masharubu yaliyopakwa rangi. Alisoma namba, akaisoma tena kimoyomoyo, kisha akaitamka.

"Sitini na mbili na mia nne."

Amezidi kilo moja na gramu mia mbili. Upande wa Kulesh wakatazamana. Sheria ilimpa saa mbili. Akishindwa, hata akipigana na kushinda, mkanda haumhusu.

Nshan alimvuta kando. "Umefanya nini?"

"Nimekula, Fundi."

"Umekula nini?"

Gegham hakujibu. Hapo mzee akaelewa, na uso wake ukawa rangi ya majivu.

Zhorzhik akawasogelea, akijifanya anafuta miwani. Chini alikuwa amekwisha kuvua kiatu cha kulia.

"Mzani huu ni mzee kama mimi," akanong'ona. "Ukiukanyaga hapa pembeni kwa kidole cha mguu, unasahau kilo moja na nusu. Wale wageni wanatazama namba, hawatazami miguu. Nipe ishara tu, Nshan."

Nshan, aliyemrudisha kijana Yerevan na medali ya wizi, aliyewafukuza wanafunzi kwa kuongopa umri, alisimama pale na hakusema hapana. Kosa lilikuwa lake. Kidole kimoja cha mguu kingelifuta, na kijana angepata alichostahili. Aliyawaza hayo yote, na muda wote huo alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa jibu. Zhorzhik alianza kurudi kwenye mzani akichechemea na soksi.

Gegham ndiye aliyesema, kwa upole, kama anayemwonya mzee kuhusu barafu njiani.

"Mjomba Zhorzhik, rudisha kiatu mguuni. Utashikwa na baridi."

Kisha akachukua kamba yake ya kuruka, akatoka.

Nyuma ya ukumbi, ng'ambo ya barabara, kuna nyumba ya kuokea mikate ya Haykush. Wanawake wanne hukaa kuzunguka tanuru la shimo lililochimbwa sakafuni, wakibandika mikate myembamba kwenye kuta zake za moto. Hakuna mahali penye joto kama hapo Gyumri nzima. Gegham aliingia akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, Nshan nyuma yake.

"Dada Haykush, nipe nafasi kando ya shimo. Saa mbili."

Haykush akamtazama juu mpaka chini. "Nimeoka mikate miaka thelathini. Bondia sijawahi."

"Msiniunguze tu."

"Ukiiva tutakugeuza."

Wanawake wakacheka, lakini hawakucheka muda mrefu. Alianza kuruka kamba. Aliwaomba wasiache kazi, unga usiharibike, nao wakaendelea kubandika na kubandua mikate, na kamba ikaendelea kupiga sakafu, tap, tap, tap. Baada ya nusu saa jasho lilikuwa likichuruzika kutoka mikononi. Baada ya saa moja halikutoka tena, na Nshan akajua maana yake: mwili umekauka. Alimkwangua ngozi kwa ubao mwembamba, kama anavyokwangua vumbi kwenye jiwe, ili vinyweleo vifunguke. Gegham alitafuna nta na kutema mate kwenye kopo. Midomo ilipasuka. Hakuomba kukaa. Mwanamke mmoja alianza kulia huku akikanda, machozi yakidondokea unga.

"Acha," Nshan alisema hatimaye. "Inatosha. Mkanda ni kipande cha ngozi."

"Dakika ngapi zimebaki?"

"Ishirini na tano."

"Basi haijatosha."

Haykush akachukua mkasi wa kukatia nyuzi za magunia, akamnyoa nywele zote. Hata nywele zina uzito.

Nshan alikuwa ameona wanaume wakivuta maiti za watoto wao kwa mikono mitupu kutoka chini ya zege. Alidhani baada ya hapo hakuna ugumu wa mwanadamu utakaomshangaza. Lakini alipomtazama kijana yule aliyekonda, akiruka kando ya shimo la moto ili alipe kosa la mtu mwingine bila kulitaja, alivua kofia. Hakujua ameivua mpaka Haykush alipomwambia itaanguka tanuruni.

Mzani ulisoma sitini na moja na mia tatu na arobaini. Zhorzhik, safari hii na viatu vyote viwili, aliitamka namba hiyo kwa sauti iliyokauka. Gramu mia moja na arobaini. Uzito wa viazi viwili vidogo.

Kocha wa Kulesh hakuwa mtu mbaya. Alisema sheria ni sheria, mkanda haupo tena kwa Torosyan. Akitaka ajitoe, hakuna atakayemlaumu.

"Watu wamekuja kuona ngumi," Gegham akasema. "Kesho nitakuwepo."

Hapo mji ukapata la kusema. Gyumri haimhurumii mtu yeyote kwa dhihaka, na kabla ya jua kuzama kila kona ilikuwa na yake. Kinyozi alitangaza kuwa Torosyan amepigwa na kondoo raundi ya kwanza. Muuza mbegu za alizeti alisema bingwa apewe mkanda mrefu zaidi, wa kuzunguka tumbo. Gegham alipita katikati yao na kichwa chake kilichonyolewa, akawasalimu kwa majina. Angeweza kusema neno moja, jina moja tu. Hakulisema.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Kulesh alikuwa bondia halisi, mzito wa mkono wa kulia, asiyerudi nyuma. Katika raundi ya nne alimwangusha Gegham, ambaye miguu yake ilikuwa haijarudiwa na nguvu ilizopoteza jana yake. Akainuka kwenye hesabu ya saba. Raundi ya sita mkono wa kushoto ukaanza kutoka, ule usiotangulizwa na kitu, na Kulesh akaanza kutazama huku na huku. Raundi ya tisa ilipoisha, Gegham aliketi konani, jicho moja limefumba.

"Nasimamisha," Nshan akasema.

"Unaona nini, Fundi?"

"Naona mtu aliyechoka."

"Nani, mimi au yeye?"

"Wote wawili."

"Basi tuko sawa."

Akainuka. Raundi tatu za mwisho hakuna aliyekuwa ameketi ukumbini, na jambo la ajabu, hapakuwa na kelele. Watu wale wa maneno mengi walinyamaza kabisa. Zilisikika ngumi na pumzi tu. Walijua, na yeye alijua, kwamba hakuna chochote mwishoni mwa jambo lile cha kubeba kurudi nacho nyumbani. Alikuwa akipigana kana kwamba kipo. Nshan alisimama konani na ndoo yake ya maji mkononi.

Waamuzi wote watatu walimpa Gegham ushindi. Mtangazaji akasoma hilo, kisha akasoma lile jingine, kwamba mkanda unabaki kwa mwenyewe. Kulesh alipopewa aliukunja, akauweka chini ya kwapa kama gazeti, na hakuuvaa.

Baadaye waandishi walijaa kwenye chumba kidogo chenye meza. Mmoja wao, kijana kutoka Yerevan, aliuliza lile lililosubiriwa na wote.

"Ndugu Torosyan, umemshinda bingwa na umetoka mikono mitupu kwa gramu mia moja na arobaini. Mtaalamu kama wewe. Ilikuwaje?"

"Nilikula," Gegham akasema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Swali jingine."

Nshan alikuwa amesimama nyuma, kando ya mlango, mahali anaposimama siku zote. Alipita katikati ya viti mpaka mezani. Hakuwahi kushika kipaza sauti maishani, akakishika kama nyundo.

"Alikula kondoo wangu," akasema. "Niliweka nadhiri, nikachinja siku isiyofaa, kwa sababu nilifurahi nikaacha kufikiri. Yeye alikula kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha asikatae. Andikeni hilo. Na kuna la pili. Jana, mbele ya mzani, njia ya udanganyifu ilifunguliwa, na mimi mwalimu wake nilinyamaza. Aliyeifunga ni yeye. Hilo nalo mliandike, na jina langu mliandike lote."

Waandishi wakaandika. Gegham alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama mikono yake iliyovimba. Nshan akamgeukia. Mbele ya watu wote, akiwa na miaka sitini na nane, alisema neno ambalo hakuwahi kulisema.

"Vizuri," akasema.

Kisha akaweka kipaza sauti mezani, akaenda kuchukua ndoo.